UZI: Skani moja ya mzee wangu, ripoti mbili tofauti. Saratani ya tezi dume imerudi mbavuni au haiko huko?

Mwana wa Kuze
Wadau salaam. Nna jambo lanisumbua na najua humu hamkosi watu wa hospitali na watu waliopitia haya, nisaidieni mawazo. Mzee wangu ana miaka 71, mstaafu wa bandari, alitolewa tezi dume yote miaka ya nyuma baada ya kukutwa na saratani, na tangu hapo kila akipima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, jibu lilikuwa chini hata mashine haisomi. Mwaka jana ikaanza kuamka. 0.2, ikarudiwa ikawa 0.3, halafu 0.6. Dokta wake hapa Mombasa akasema mtu aliyetolewa tezi yote PSA haina kazi ya kuwepo, ikifika 0.2 na ikipimwa tena iko pale pale au imepanda basi yahesabiwa imerudi, kilichobaki ni kujua imejificha wapi.

Mzee na mamangu walikuwa na safari ya Uhindi kwa mambo ya macho basi ile skani ya PSMA PET akafanyiwa huko huko. Ripoti ikaja imeandikwa kuna doa ubavu wa sita kulia, saratani imefika mfupani. Jamani nyumba nzima ilipoa. Kurudi huku dokta akachukua zile picha akampelekea mtaalamu mwingine Nairobi azisome upya, na kwa makusudi hakumpa ile ripoti ya kwanza. Huyu naye yuwasema kuna kitu kidogo pale pale ilipokuwa tezi, na lile doa la ubavu si la kutegemea, huenda ni jeraha la zamani tu.

Sasa skani ni ile ile! Mzee mmoja, siku moja, mashine moja. Kwa ripoti ya kwanza ni sindano za homoni na hakuna kuzungumzia kupona, kwa ya pili ni mionzi pale ilipotolewa na yawezekana ikaisha kabisa. Nimwamini nani? Na kwani picha si picha, kitu chaonekana au hakionekani?

Nahodha Mstaafu
Pole mwanangu. Mwambie mzee asivunjike moyo, sisi wa rika lake ndio wateja wa hii kitu. Nami ntasoma kimya kimya maana yangu yaja kupimwa mwezi ujao.

Kijana wa Bamburi
Hao wa Uhindi walitaka biashara tu. Ukiambiwa mfupa utabaki kule uendelee kutoa pesa

Mpiga Picha wa Ndani
Kijana usikimbilie huko, sikujui lakini nadhani hujawahi kuketi kwenye kile chumba chenye giza wanachosomea. Mie ni radiografa, si daktari, kazi yangu ni kumlaza mgonjwa na kutoa picha, ila nakaa na wanaosoma kila siku na mabishano yao nayasikia. Ripoti mbili kupishana kwenye skani moja si lazima kuna mwizi.

Mwana wa Kuze nikueleze vile ilivyo. PSMA ni protini iliyo juu ya seli za tezi dume, na seli za saratani huwa nayo kwa wingi. Mzee alidungwa dawa ya mionzi kidogo inayokwenda kujishika kwenye hiyo protini, akalazwa kwenye mashine, panapojishika panawaka. Mpaka hapo kila mtu yuko sawa. Tatizo ni kwamba jina lasema tezi dume lakini protini yenyewe iko kwingine pia. Tezi za mate zawaka. Za machozi zawaka. Figo ndo usiseme. Ini, wengu, mwanzo wa utumbo, zote. Mkojo nao wabeba ile dawa, kwa hivyo ukiona tone limewaka kwenye njia ya mkojo kutoka figo kwenda kibofu waweza kulidhania mtoki wenye saratani. Anayesoma hatafuti kinachowaka, vinavyowaka ni vingi, kazi yake ni kujua kipi kina ruhusa ya kuwaka na kipi hakina.

Halafu kuna kiasi. Hii yawaka sana, hii yawaka kidogo, sana kwa nani? Hapo ndo watu hupishana, ni sawa na kila muuzaji wa Kongowea aje na kibaba chake. Ndo maana mwaka 2018 zikatoka taratibu za kusoma hizi skani kwa kipimo kimoja. Moja yaitwa PROMISE, nyingine PSMA-RADS, na zote zimefanyiwa toleo la pili 2023. Wazungu wa EANM, chama cha Ulaya cha madaktari wa skani hizi, nao walitoa yao 2021. Hebu tazama hizo ripoti zako mbili, kuna mahali pametajwa mojawapo? Na tazama juu kabisa dawa waliyotumia iliitwaje. Nataka jina kamili, usinambie PSMA tu.

Mwana wa Kuze
Ahsante sana bwana. Ya Uhindi haitaji utaratibu wowote, imeandikwa tu doa limewaka, mfupa, saratani. Ya Nairobi ina PSMA-RADS 3B kwenye ubavu na 4 pale palipokuwa na tezi. Dawa ni F-18 PSMA-1007.

Mpiga Picha wa Ndani
Ahaa. 1007! Nilikuwa naisubiri hiyo.

Sikiliza. Dawa hizi ziko kadhaa. Iko ya galiamu, Ga-68 PSMA-11, ndo ile Marekani waliipitisha Desemba 2020, nguvu zake zapungua nusu kila dakika 68 kwa hivyo haisafirishwi mbali. Za florini, F-18, nusu yake ni dakika 110, zaweza kutengenezwa mahali na kupelekwa kwengine. Sasa 1007 ni ya florini na uzuri wake ni kwamba yatoka zaidi kupitia ini na nyongo, haijazi mkojo sana, kwa hivyo pale karibu na kibofu waona vizuri. Kwa mtu kama mzee wako ambaye twataka kuona palipokuwa na tezi ni dawa nzuri. Ubaya wake wajulikana pia, nao ni mifupa. Yapenda kuwasha vidoa kwenye mifupa ambavyo si chochote, na mbavu ndo zinaongoza. Msomaji aliyezoea galiamu akiona doa la ubavu ataliandika saratani na hutamlaumu maana kwa macho ya galiamu lina sura hiyo. Aliyezoea 1007 atasita.

3B maana yake ni mfupa na haijulikani. Hizo namba ni 1 mpaka 5, moja ni salama kabisa, tano ni karibu hakika ni saratani. Tatu ni katikati, imegawanywa kwa herufi, A ni nyama laini kama mitoki, B mfupa. Huyo wa Nairobi hakusema si saratani. Kasema kwa doa hili pekee hatuwezi kumwita mtu mgonjwa wa mifupa. Hayo ni mambo mawili mbali.

Swali: mzee aliwahi kuanguka au kugongwa upande wa kulia?

Mwana wa Kuze
Wallahi umenistua. Nimemuuliza sasa hivi nikiwa naye hapa, asema alibanwa na tuktuk pale Buxton akagonga kifua kwenye chuma, lakini hakwenda hospitali, alipakwa mafuta akalala. Hata mamangu hakuwa na habari!! Saa hii kuna kesi nyingine nyumbani

Bint Makadara
😂😂 wazee wa Mombasa na siri zao. Pole mama

Mpiga Picha wa Ndani
Basi hilo alijue dokta, na huyo aliyesoma alijue. Skani ya PET huja pamoja na CT, ni picha mbili zinalaliana, moja yaonyesha kinachowaka na nyingine yaonyesha mfupa wenyewe. Ukikuza ule ubavu kwenye CT, ukaweka mwanga wa kuangalia mifupa, mara nyingi jeraha lililopona utaliona, ule ukingo wa nje umenenepa kidogo, kuna mstari umekatiza umejaa mfupa mpya. Ni milimita chache. Anayesoma kwa haraka au anayesoma ukurasa wa rangi tu haoni. Na fomu ya kuombea skani kama imeandikwa "PSA yapanda" na basi, huyo maskini wa Uhindi angejuaje habari ya tuktuk ya Buxton?

Bint Makadara
Nami niongeze langu. Mie ni muuguzi, ami yangu yalimpata kama haya ila yeye hayakuwa mbavuni, yalikuwa tumboni nyuma karibu na ule mshipa mkubwa. Ripoti ikasema mitoki miwili imewaka, kushoto na kulia, saratani imetoka nje ya nyonga. Dokta mwengine akamwita akafungua kompyuta mbele yetu akatuonyesha, kile kitu hakikuwa duara kama mtoki, kilikuwa chembamba kimelala kama utepe, na kiko pande zote mbili kimeelekeana. Akasema hili ni fundo la neva, kila mwanamume analo, na wanawake pia, na PSMA hulishika kidogo. Mtu asiyeliangalia umbo lake akaangalia mwako tu analiita saratani. Yako shingoni pia na chini karibu na mfupa wa kiuno. Sasa hivi kila ami akienda kupiga skani mie ndo wa kwanza kuuliza, lina umbo gani?

Kijana wa Bamburi
Haya nimekubali si wezi. Lakini mbona sasa tusitie picha kwenye ChatGPT isome, kompyuta haina uchovu

Mpiga Picha wa Ndani
Ukiitia ripoti itakufasiria ripoti, na kama ripoti ni ya makosa itakufasiria makosa kwa lugha nzuri. Programu za kupima mwako na kuhesabu madoa zipo na wanazitumia lakini bado anayetia sahihi ni mtu. Na kompyuta nayo haikumuuliza mzee habari ya tuktuk.

Tabibu wa Majengo
Mwana wa Kuze mpe mzee mwarobaini na unga wa mbegu za ubuyu asubuhi kabla ya chai siku arobaini, hiyo PSA itashuka yenyewe. Nitumie namba nikuelekeze

Nahodha Mstaafu
Shekhe tafadhali. Mtu yuwazungumza PSA 0.6 wewe walete ubuyu. Nilipokuwa melini tulikuwa na mmoja kama wewe.

Bint Makadara
Tabibu hapana, si kwa kukudharau. PSA ikishapanda baada ya upasuaji muda una thamani yake, mionzi hufanya kazi vizuri zaidi ikipigwa PSA ikiwa bado chini, chini ya 0.5 ndo wanapopenda. Mzee wa watu ashapita hapo. Siku arobaini za ubuyu si chache kwake.

Mwana wa Kuze
Na hapo ndo nna swali jengine. Kuna ndugu yangu anasema tupige skani tena Nairobi tulinganishe, kama doa la ubavu limekua tujue. Na mwengine asema tungoje PSA ipande ndo skani ionyeshe vizuri. Mwaonaje?

Mpiga Picha wa Ndani
Hili la kungoja lina ukweli nusu. Kuna utafiti wa vyuo viwili vya California, UCLA na UCSF, uliotoka 2019, wanaume 635 ambao PSA zao zilipanda baada ya matibabu wakapigwa skani ya galiamu. PSA chini ya 0.5 skani iliona kitu kwa asilimia 38. Kati ya 0.5 na 1 asilimia 57, kati ya 1 na 2 asilimia 84, na kutoka 5 kwenda juu 97. Kwa hivyo ni kweli, ukingoja utaona zaidi. Lakini waona zaidi kwa sababu imekuwa zaidi, umefaidi nini? Miongozo ya madaktari wa mkojo wa Ulaya yasema kama mtu anafaa kupigwa mionzi asicheleweshwe eti skani ni safi. Skani safi haina maana mwili ni safi. Na kuna saratani chache za tezi dume ambazo hazina hiyo PSMA kabisa, hazitawaka hata zikijaa.

Utafiti huo huo, mwana wa Kuze, ndo wakujibu swali lako la kwanza. Kila skani ilisomwa na watu watatu, hakuna aliyeona jibu la mwenzake. Walipopimwa wanakubaliana kiasi gani, ambapo 1 ni kukubaliana kila kitu na 0 ni bahati nasibu, walipata kati ya 0.65 na 0.78 kutegemea sehemu ya mwili. Hiyo wanaihesabu nzuri. Na ni watu waliofundishwa, wana kanuni moja mezani. Sasa toa kanuni, toa mafunzo, mpe fomu isiyo na historia, utapata ripoti zako mbili.

Kuhusu kurudia skani. Kenya hizi mashine zipo, Aga Khan ya Nairobi iko nayo na KUTRRH, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, iko nayo. Lakini kabla hujapanda SGR piga simu uulize watatumia dawa gani. Ukipiga ya kwanza kwa 1007 ukaja kupiga ya pili kwa galiamu, doa la ubavu likipotea utasema amepona na kumbe dawa imebadilika tu. Likibaki kwa dawa nyingine hapo ndo kuna la kusema. Na zile namba za mwako, SUV, usizichukue za mashine moja ukazilinganisha na za mashine nyingine kama bei za unga, zahesabiwa kwa uzito wa mgonjwa, kiasi cha dawa alichodungwa na saa ngapi zimepita tangu sindano. Mmoja kasubiri saa moja mwengine saa mbili, namba si moja hata kama ugonjwa haujasogea.

Na kama mzee ataanza homoni kabla ya hiyo skani ya pili, andikeni. Homoni zabadilisha vile seli zinavyowaka.

Nahodha Mstaafu
Mpiga Picha swali la mjinga. Kama namba haziaminiki wao wanalinganisha na nini

Mpiga Picha wa Ndani
Si la mjinga nahodha, ni la maana khaswa. Wanalinganisha na mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kwa PROMISE ni hivi, doa likiwaka chini ya damu iliyo kwenye mshipa mkubwa ni 0. Likifika damu lakini chini ya ini ni 1. Ini mpaka chini ya tezi ya mate ni 2. Tezi ya mate na zaidi ni 3. Yaani dawa ile ile, saa ile ile, mtu yule yule, hakuna kibaba cha kuazima. Sasa 1007 kwa sababu yatokea ini, ini lake lawaka kupita kiasi, hapo ini waliweka kando wanatumia wengu. Msomaji asiyejua hilo akalinganisha na ini ataona kila kitu ni kidogo. Dawa ukiikosea jina hata kipimo kinapinda.

Na matokeo wanayaandika kwa herufi ambazo dokta yeyote duniani atazielewa. T ni mahali pa tezi, N ni mitoki ya nyonga, M ni mbali zaidi: M1a mitoki ya mbali, M1b mfupa, M1c viungo vyengine. Mzee wako kwa Uhindi ni M1b. Kwa Nairobi ni T tu. Herufi moja hiyo ndo imewanyima usingizi.

Mama wa Likoni
Mie nasoma tu tangu jana. Mume wangu hakupasuliwa, alipigwa mionzi tangu mwanzo. PSA yake ilishuka mpaka 0.4 sasa ni 1.1, kwa maneno yenu basi imerudi? Nshaanza kulia

Bint Makadara
Dada usilie, hesabu yenu si hiyo. Ile 0.2 ni ya aliyetolewa tezi. Aliyepigwa mionzi tezi bado anayo na PSA kidogo itabaki, wanachukua ile ya chini kabisa aliyowahi kufika wanaongeza 2. Yake ya chini ni 0.4, basi ni mpaka 2.4. Na baada ya mionzi yaweza kupanda kidogo ikashuka yenyewe. Mwonyeshe dokta huo mpangilio wote wa majibu, usimpe la mwisho pekee.

Mama wa Likoni
Allah akujazi kheri dadangu

Mwana wa Kuze
Wadau narudi na habari. Dokta aliita kikao, yeye, wa mionzi, na huyo aliyesoma Nairobi akiwa kwenye simu ya video, mie na mzee tukaruhusiwa mwishoni. Habari ya tuktuk ilipotajwa yule wa Nairobi akasema ngoja, akakuza CT ya ubavu, na kweli kuna mstari umepona, akatuonyesha na mshale. Hakuishusha mpaka 1, kaitoa 3 kaiweka 2, yaani yaelekea ni salama. Yule wa mionzi akasema kwa doa moja kama hilo hawezi kumnyima mzee nafasi, watapiga mionzi palipokuwa na tezi, hapa hapa Mombasa, pamoja na homoni za muda si za maisha. PSA itasema. Ikishuka na ikabaki chini hata homoni zikiisha basi yaelekea ubavu haukuwa na hatia, ikikataa kushuka wataurudia.

Nilimuuliza dokta kwa nini hakumpa wa Nairobi ripoti ya kwanza. Akasema mtu akishasoma "saratani" macho yake yashaelekezwa, yeye alitaka macho mapya. Lakini historia angempa, na hiyo ya kubanwa hakuijua hata yeye. Mzee akajifanya anatazama dirishani.

Kijana wa Bamburi
Mzee apewe adhabu ya kusafisha samaki wiki nzima

Bint Makadara
Alhamdulillahi. Twaomba ishuke.

Salama wa Mtwapa
Samahani nafufua uzi. Babangu yuko Uhindi sasa hivi, kapigwa hiyo skani leo, arudi keshokutwa. Nimwambie achukue nini hospitali? Wamempa karatasi na picha za rangi zimechapwa.

Mpiga Picha wa Ndani
Hizo za rangi ni za kuonyesha jamaa, hakuna mtu atasoma ugonjwa hapo. Aombe faili za DICOM, yaani picha kamili kama zilivyotoka kwenye mashine, PET na CT zote mbili, kwenye sidii au fleshi, na wengine humpa mtu picha za kutazama tu kwa hivyo ataje neno hilo DICOM. Kwenye ripoti pawe na jina la dawa, kiasi alichodungwa, saa ya sindano na saa ya picha, na uzito wake. Kama ana skani za zamani zozote awaachie nakala leo wasome pamoja kabla hawajatia sahihi. Na sidii aifungue pale pale kaunta kwenye kompyuta yao aone zinafunguka, nshaletewa tupu hapa si mara moja.

Salama wa Mtwapa
Namtumia sasa hivi. Nimuulize pia kama amewahi kugongwa na tuktuk? 😅

Mwana wa Kuze
Muulize mama yako asiwe karibu.